Firigisi Niliyokula Kabuchai

Mwanangu Nekesa,

Umelala, maana nakusikia unavyokoroma upande wa pili wa ukuta, na kesho ukiambiwa utakataa kama kawaida yako. Mama yako amelifunga sanduku lako, akalifungua, akalifunga tena. Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha, nauli ya kuficha na kanisa la kusali huko Bungoma, hayo amekwambia yeye na mimi sina la kuongeza. Mimi nimebaki na jambo moja lililonikwama kooni tangu chakula cha jioni.

Nimekasirika, Nekesa. Wacha niseme hivyo kwanza, nisije nikakuzungusha kwa maneno matamu halafu hasira yenyewe itokee mahali pabaya. Wiki zote hizi unaniambia umepata kazi Bungoma, kampuni mpya ya mbegu na mbolea, mshahara mzuri, utakuwa unazunguka vijijini kuongea na wakulima. Nikafurahi. Nikawatangazia watu kanisani bila haya. Halafu leo, kuku ameshaliwa, tumeshanawa mikono, ndipo unasema huku unatazama taa, "Baba, kampuni yenyewe ni ya Baba Barasa." Nikamgeukia mama yako, naye akaanza kukusanya sahani. Kumbe nyumba nzima inajua isipokuwa mimi! Hata ndugu yako, ambaye hajawahi kuficha kitu maishani mwake, hili aliliweza. Mlidhani nimetoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilikwenda kusimama tu.

Na kuna lile lingine. Mama yako aliponiwekea firigisi kwenye sahani, nikaisukuma kwa ndugu yako, ukacheka. "Baba na firigisi yake! Mbukusu gani anakataa firigisi?" Umeniuliza swali hilo tangu ukiwa mdogo, nami nimekujibu kwamba ina mchanga, kwamba meno yananiuma, kwamba daktari amekataza. Uongo mtupu. Naipenda firigisi kuliko kitu kingine chochote kwenye kuku. Sasa nitakwambia kwa nini siili, nawe utaona kwamba habari ya firigisi na habari ya Barasa ni habari moja.

Barasa na mimi tuliingia jandoni Agosti moja, mto mmoja, asubuhi moja. Mengine ya siku hiyo sitakueleza, wewe ni binti yangu. Ila ujue kwamba kwetu watu wa namna hiyo tunaitana bakoki, na mkoki si rafiki tu. Rafiki mnaweza kugombana ukamwacha. Mkoki akiingia kwako anafunua sufuria bila kuuliza, na akikosea, humsemi mbele za watu. Ndiyo maana nyinyi wanangu wote mnamwita Baba.

Miaka ile ya themanini nilikuwa karani wa duka hapa Kimilili, mshahara wa kununulia chumvi na kurudi nyumbani. Barasa alikuwa ameshakuwa meneja wa kampuni ya unga kule Kitale. Siku moja akasimamisha gari mbele ya duka. "Toka hapo kwa kaunta, bana! Utapimia watu sukari mpaka uzeeke? Njoo unisaidie kuuza unga." Nikatoka. Hata aproni niliiacha juu ya mizani. Ndipo tulipohamia Kitale, nawe ukaanza shule kule ukiwa na viatu miguuni.

Kazi yangu ilikuwa mauzo. Nilipanda lori la kampuni kutoka Kitale, nikapita Kimilili, Chwele, Kabuchai, mpaka Bungoma mjini. Kila duka nililijua. Na tuliuza, mwanangu! Pakiti yetu ya kijani ilikuwa kwenye kila rafu. Faida kila mwaka, sherehe kila Desemba, fahali anachinjwa, wakubwa wanasimama kutuambia sisi ni wachapakazi. Nami nilipiga makofi nikiamini ni miguu yangu hii iliyoleta faida ile.

Wewe umesoma biashara lakini hayo hukuyaona, kwa hiyo nikueleze. Enzi zile hukuweza kutoa mahindi Trans-Nzoia ukayapeleka wilaya nyingine bila kibali. Ukipakia magunia yako, askari wanakusimamisha kizuizini wanauliza karatasi iko wapi. Sisi vibali havikutusumbua hata siku moja. Barasa alikuwa na mtu wake, na mtu wake alikuwa na wa kwake, na bahasha zilitembea. Tuliita chai ya wazee. Wenye vinu vingine waliambiwa warudi kesho, na hiyo kesho haikufika.

Hapa Kimilili palikuwa na Mzee Kundu, mwenye kinu kidogo nyuma ya soko. Unga wake ulikuwa mweupe na watu waliupenda. Siku moja tukalikuta lori lake kizuizini. Lilikuwa limekaa pale kwenye mvua mpaka mahindi yameota, majani mabichi yamechomoza kwenye magunia. Mzee mwenyewe ameketi chini ya lori, koti kichwani. Sisi tukapungiwa mkono tupite. Dereva wetu akatoa kichwa nje akamwambia, "Mzee, umeamua kulima ndani ya lori?" Nikacheka, Nekesa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na tulipofika nikawasimulia wenzangu nao wacheke.

Wenye maduka walipolalamika kwamba unga wetu unanuka, mara una wadudu, mara pakiti haijajaa, nilipeleka malalamiko kwa Barasa. Alikuwa na jibu moja, na alilitoa akicheka huku akinipiga bega. "Wataenda wapi?" Na kweli, wangeenda wapi? Mashine ikiharibika ilifungwa kwa waya. Fundi hodari akiondoka hakutafutwa mwingine. Ya nini kujisumbua kusaga vizuri wakati yule anayeweza kukushinda amekwama kizuizini? Rushwa ile haikutuibia pesa tu. Ilituondolea sababu ya kuwa wazuri, tukalala. Tulidhani tunauza unga, kumbe mali yote tuliyokuwa nayo ni karatasi ya ruhusa, na karatasi ni ya aliyeitoa.

Miaka ya tisini ilipoanza, tukasikia ati soko la mahindi litafunguliwa, vibali viondoke. Sisi wa chini tulisikia redioni kama watu wengine. Barasa alisikia kabla ya redio. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniagizia soda.

"Mkoki," akasema, "wakubwa wanataka wananchi nao wawe na kampuni. Tuwauzie hisa, pesa inunue mashine mpya, soko likifunguliwa litukute tayari. Nani atakwenda kuwaambia watu wetu kama si wewe? Mimi wataniona tajiri. Wewe wanakuamini."

Haki ya Mungu, nilijiona mkubwa siku hiyo. Nikaenda. Sikuhitaji kumdanganya mtu, kwa sababu nami niliamini kila neno. Nikasema, tazameni malori yetu, tazameni faida ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Wakatazama. Mtu akiona ng'ombe anakamuliwa kila asubuhi, haulizi kama nyasi zinakatwa shamba la jirani. Waliona jana ilivyokuwa nzuri wakadhani na kesho itakuwa hivyohivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha kwa kidole.

Unaijua desturi yetu. Mgeni wa maana akija, kuku anachinjwa, na firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima yake pale. Mwanamke hapewi, hata kama kuku amempika yeye. Wewe mwenyewe ulishawahi kulia kwa ajili hiyo ukiwa mdogo, ukanunia wali. Mwenye boma akikupa firigisi iliyokuwa yake, amekukabidhi jambo. Ni kama amesema, leo boma hili liko mikononi mwako, usiniangushe. Nilikula firigisi Kimilili, nikala Chwele, nikala Kabuchai. Nilinenepa kwa firigisi za watu mpaka mama yako akalazimika kupanua suruali zangu.

Kabuchai ndiko nilikompata Kukhu Nanjala, yule nyanya ninayekwenda kumlimia kila msimu, ambaye mmekua mkidhani ni shangazi yangu. Si ndugu yetu hata kidogo. Ni mjane niliyemkuta na mafahali wawili wa jembe na shamba lake la mahindi na miwa kidogo. Nikamweleza mambo ya hisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa hii hisa inakula nini?"

Nikacheka, nikamwambia, "Kukhu, hisa haili. Inazaa tu."

"Kitu kinazaa na hakili, hicho mimi sijaona. Lakini wewe si ni mtoto wa watu? Huwezi kunidanganya."

Akachinja kuku. Firigisi akaileta peke yake kwenye kisahani, akasema tangu mumewe afe wajukuu walikuwa wakiigombania, leo imempata mwenyewe. Nikaila. Ilikuwa imekaangwa kwa kitunguu, na bado nakumbuka utamu wake. Baadaye akauza fahali mmoja anunue hisa, na kwa kuwa fahali mmoja havuti jembe peke yake, akauza na wa pili.

Kisha vibali vikaondolewa, na maji yakazidi unga. Kila mwenye pikapu akawa mnunuzi wa mahindi. Mengine yakaja kutoka Uganda kupitia mpaka wa Suam. Mzee Kundu akakipangusa vumbi kinu chake, na unga ukatoka mweupe vilevile. Nilipofika Chwele na pakiti zangu za kijani, mama mwenye duka, niliyekuwa nimemuuzia miaka yote, hata hakunyanyuka kitini.

"Leo hapana," akasema.

"Mama, bei imeshuka."

"Hata ukinipa ya bure. Si mlikuwa mnasema tutaenda wapi? Sasa tumepata pa kwenda."

Sikujua kwamba neno lile lilishatoka ofisini kwa Barasa likafika Chwele. Nikarudi Kitale na lori limejaa vile lilivyotoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kimilili, ikawa hivyo Bungoma pia. Hatukujua kushindana, Nekesa. Hatukuwahi kufundishwa. Nikawa nasubiri zile mashine za pesa ya hisa, siku zinapita, watu wanaachishwa kazi, mpaka nikachoka nikamfuata Barasa nyumbani kwake Milimani. Nilimkuta anapakia vitu kwenye gari. Alikuwa ameshaacha kazi.

"Mkoki, mashine ziko wapi?"

"Mashine gani?"

"Za pesa ya hisa. Za wale watu nilizungukia."

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kitoto. "Kwani ulifikiri ni hisa za nani? Hazikuwa za kampuni. Zilikuwa zangu, na za wenzangu wawili watatu. Tuliona mvua inakuja, tukaziuza, tukatoka. Hiyo ni biashara, bana."

"Na mimi? Mbona hukuniambia?"

Hapo akacheka, kile kicheko chake unachokipenda, akanipiga bega. "Ningekuambia, ungeweza kuuza na moyo wako wote vile?"

Lo! Nimezika wazazi, nimefukuzwa kazi, nimetukanwa sokoni. Hakuna kilichonikata kama maneno hayo. Mwizi mwingine angenituma nikadanganye, nami ningekataa, au ningedanganya vibaya wanigundue. Yeye alinituma niseme ukweli wangu, akijua kwamba kwake ni uongo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakunionya kwamba kinaweza kuwa kimelala karibu yako jandoni, kimefunikwa blanketi moja na wewe.

Na mimi nikanyamaza. Hili la kunyamaza ni langu, simpi mtu mwingine. Kampuni ilipofungwa, watu walikusanyika getini wakiuliza nani ametufanyia hivi, nami nilijua. Nikainamisha kichwa, kwa sababu mkoki hamsemi mkoki. Nilimlinda kwa desturi ambayo yeye alikuwa ameshaiuza pamoja na hisa zake. Ndiyo maana Barasa aliondoka Kitale akiwa safi, na leo anakaa viti vya mbele kwenye harambee zote za Bungoma. Krismasi anawaletea nguo, na mimi nakaa kimya tu hapo sebuleni. Kwa hiyo hasira yangu kwako ina mwisho wake. Ulimjua Barasa yule niliyekuachia umjue.

Tuliporudi kuishi hapa Kimilili, nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba hisa zimekufa. Sikumtaja Barasa. Wengine walinitukana, mmoja akanifungulia mbwa, na sikumlaumu. Kukhu Nanjala alinisikiliza mpaka mwisho, vilevile kama mara ya kwanza. Kisha akatuma kuku akamatwe. Nikamsihi asichinje. Akasema, "Mgeni ni mgeni." Nyama ikaletwa. Paja lilikuwamo, bawa lilikuwamo, mgongo, hata shingo. Firigisi haikuwamo. Nikaitafuta kwenye mchuzi kwa macho nikijua kabisa kwamba sitaipata. Nikala nilichopewa, nikashukuru, nikaondoka.

Tangu siku hiyo sijala firigisi, hata ya kuku wangu mwenyewe. Msimu uliofuata nikakodi ng'ombe Chwele nikaenda kumlimia, na kila msimu naenda. Mwanzoni hakunikaribisha wala hakunifukuza. Siku hizi ananiletea uji shambani. Ni uji tu, na mimi naridhika nao.

Sasa nije kwako. Bungoma imejaa vijana wenye diploma ya biashara kama yako, wengine wanauza maandazi. Kwa nini Barasa akutafute wewe? Nimelifikiria hili jioni yote, na jibu ulinipa mwenyewe bila kujua. Ulisema utaanzia Kabuchai, Chwele na Kimilili, ukiwashawishi wakulima wanunue hisa waingie kwenye kampuni kama wenye mali. Nekesa, Barasa hana kiti Kabuchai. Mimi ninacho kimoja, kidogo, nilichokipata kwa jembe. Ukifika ukasema wewe ni binti wa nani, watakifuta vumbi wakupe. Hicho kiti ndicho anachokilipia mshahara.

Sisemi kampuni yake ni mbaya. Labda mbegu zake zinaota na mbolea yake si majivu. Lakini ulisema jambo lingine mezani, tena kwa fahari. Ulisema zabuni ya vyama vya wakulima ni yake tayari, kwa sababu ana mtu wake, na kampuni zile nyingine za mbegu hazitamweza. Nikayaona tena yale mahindi ya Mzee Kundu yameota ndani ya gunia. Ukimsikia Barasa akisema watu wataenda wapi, mwanangu, ujue hadithi imeanza upya na safari hii ni wewe uliye juu ya lori.

Sikukatazi. Nikikukataza utakwenda mbio zaidi, una kichwa cha mama yako. Naomba kitu kimoja tu. Kesho usipite Webuye, pita njia ya Chwele, ushuke Kabuchai. Nyumba ya Kukhu Nanjala mtoto yeyote atakuonyesha. Mwambie wewe ni nani. Mtajie jina la Barasa, lile ambalo mimi sijawahi kulitaja mbele yake. Nimekupa ruhusa, na barua hii msomee kama utataka. Mweleze alichofanya Barasa na mwambie kwamba unakwenda kumfanyia kazi. Halafu umweleze hisa za kampuni mpya, hivyohivyo utakavyowaeleza wengine. Atakuuliza inakula nini. Umjibu. Ukiweza kumjibu huku unamtazama machoni, chukua sanduku lako uendelee na safari ya Bungoma, nami sitakuwa na neno tena, na Krismasi nitamfungulia Barasa mlango mimi mwenyewe.

Ukishindwa, rudi nyumbani. Usiogope watu wa kanisa. Mimi ndiye niliyewatangazia kwamba unaondoka, na mimi ndiye nitakayewatangazia kwamba umerudi. Yule jogoo mwekundu anayekuudhi alfajiri bado yupo, nami nitamchinja kwa mkono wangu. Firigisi yake sitaila, sijafika huko. Wala hatapewa ndugu yako. Nitaiweka kwenye sahani yako wewe, binti yangu, mbele ya kila atakayekuwepo, na wazee waseme watakavyo.

Ni mimi baba yako, ambaye hasira yake itakuwa imeisha ukiamka.